Tinti ya Tatu

Usiifute kabla hujaisoma. Na kama katika simu yako kuna mtu anayeendesha gari jioni huku amewasha taa zote kama anayetafuta sindano barabarani, mtumie huyo kwanza, wengine watafuata.

Palikuwa na mzee mmoja mjini Moshi, jina lake Anaeli, dereva mstaafu. Miaka thelathini alimwendesha bwana mmoja mwenye shamba la kahawa. Bwana yule alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia gari lake la kizamani, la milango miwili, la kukunja paa. Rangi yake ya maziwa, viti vyake ngozi nyekundu, na paa lake turubai ambalo ukilikunja na kulilaza nyuma, gari lote linabaki wazi. Mzee Anaeli alilipenda gari lile kuliko alivyopenda kushauriwa.

Kila Jumamosi alibeba maharusi. Bibi na bwana harusi walikaa juu, kwenye mgongo wa kiti cha nyuma, miguu wakaikanyagisha kitini, wakawapungia watu mji mzima. Mbele ilitangulia pikapu ya wapiga matarumbeta, nyuma ukafuata msafara wa magari yenye riboni. Msafara ulizunguka kipilefti kikubwa cha mjini mara tatu kabla ya kwenda ukumbini, na harusi ambayo haikuzunguka mara tatu ilihesabiwa kama haijafungwa vizuri.

Tatizo lilikuwa moja, na lilikuwa linamkondesha.

Harusi za siku hizi haziendi na saa. Ibada inaisha saa kumi, picha zinaisha saa kumi na mbili, na msafara unapotoka jua limeshazama. Hapo ndipo magari ya nyuma yanapowasha taa, tena si dimu ya kumulika chini, fulu. Mwanga ule ulipita katikati ya maharusi, ukapiga kile kioo kidogo cha ndani cha kutazamia nyuma, na kioo kikaurudisha wote machoni mwa Mzee Anaeli. Magari ya watu wengine yana paa na mgongo wa kuzuia kidogo. Lake halikuwa na kitu. Tena kioo chenyewe kilikuwa cha zamani, hakina kile kijiti cha chini ambacho magari ya leo ukikibinya kioo kinainama na ukali wa mwanga unapungua.

Ikawa anaendesha amekunja uso, jicho moja amelifumba. Kwenye video za harusi, watu waliuliza kama yule dereva alikuwa amefiwa.

Alianza kwa ustaarabu. Jumamosi moja, kabla msafara haujatoka kanisani, alipita gari moja moja akiwa amevua kofia. "Ndugu zangu, nawaomba mkiwa nyuma yangu mweke dimu. Mwanga unanipiga machoni."

"Sawa kabisa, mzee," wakajibu wote.

Hawakufika hata kona ya kwanza. Fulu. Sisi watu wa nchi hii hatukatai jambo; tunalikubali vizuri sana, halafu hatulifanyi.

Jumamosi iliyofuata alivaa miwani ya jua. Kioo kikatulia, lakini barabara nayo ikatulia gizani, hata mkokoteni wa ndizi akauona umeshafika kwenye boneti. Mwenye mkokoteni akamwambia maneno ambayo bibi harusi hakupaswa kuyasikia siku ile.

Akaja na soksi ya nailoni ya mkewe, akaivalisha kioo. Taa zikageuka ukungu mweupe, na ndani ya ukungu huo hakujua kama aliyekuwa nyuma ni basi au pikipiki. Mkewe naye alipoitafuta soksi asubuhi ya kwenda kanisani na kuikuta inaning'inia garini, ikazuka kesi nyingine kabisa. Akajaribu kukiinua kioo kielekee juu. Jioni nzima akawa anajiona kipaji cha uso.

Kwa hasira alifikiria kufunga taa kubwa nyuma ya gari lake ili awarudishie, maana dawa ya moto ni moto. Bahati nzuri waya haukufika.

Mwishowe alikwenda kwa Fundi Mkwizu, mtu mpole ambaye amezoea magari yenye kiburi na wenye magari wenye kiburi zaidi. Fundi alikitazama kile kioo, akaenda kwenye rundo la vyuma chakavu, akarudi na kioo kingine.

"Mzee, hiki kina kijiti. Jioni unabinya hivi, mwanga unapungua, unaona kila kitu. Dakika kumi nimekifunga."

Mzee Anaeli akakigonga kwa ukucha. "Hiki ni plastiki."

"Ndiyo, mzee."

"Gari langu halina plastiki hata moja."

"Basi jioni ikiingia funika turubai. Kidirisha chake cha nyuma ni kidogo, taa hazitakusumbua."

"Watu wamekodi gari la wazi, mimi nilifunike? Si wapande teksi."

Fundi Mkwizu akarudisha bisibisi mfukoni. Alikuwa amempa dawa mbili, tena zote mbili za kweli, na mgonjwa alikuwa amezitema mbele yake. Mtu wa namna hii unamwacha aende, utamfanyaje?

Mambo yangeishia hapo kama si Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Mzee Anaeli alikuwa kwenye kipilefti, raundi ya pili, gari la nyuma likamwashia taa zote kwa mpigo. Akafunga breki. Bwana harusi akaporomoka kutoka mgongo wa kiti, akamwangukia begani na maua yake, na gari la nyuma likambusu bampa. Hakuumia mtu. Lakini jambo lilitokea mbele ya kamera, na kufika Jumapili mji mzima ulikuwa umeshaiona ile video.

Na Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya binti yake mwenyewe.

Ndeshi alikuwa mtoto wake pekee. Tangu azaliwe, Mzee Anaeli alikuwa na neno moja: siku ya kuolewa kwake, nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu, kwa mikono yangu. Mambo mengine yote aliiachia kamati. Keki, vinywaji, sare za shangazi, hayo hakuyauliza. Yeye alikuwa na usukani tu.

Kamati ya harusi ilikaa jioni ya Jumapili ile ile, sebuleni kwake. Mwenyekiti alikuwa Kiwelu, kaka wa mkewe, mfanyabiashara wa mbao, mtu wa sauti kubwa na lori kubwa. Kwa desturi ya ukoo wao, mjomba wa binti ndiye anayefuata nyuma ya gari la bibi harusi, na hapishi mtu. Kwa hiyo Jumamosi ile lori la Kiwelu ndilo lingekuwa mgongoni kwa Mzee Anaeli. Na taa za lori lile, watu walikuwa wakisema, zikiwashwa kuku huamka.

"Ajenda ya kwanza," akasema Kiwelu, "ni usafiri wa bibi harusi. Wajumbe wameona video."

"Ajenda ya kwanza," akasema Mzee Anaeli, "ni taa zako, shemeji. Utazishusha?"

"Taa zangu zina kazi yake."

"Kazi gani? Kunipofusha?"

"Wewe endesha, shemeji. Mimi najua ninachokifanya."

"Nimekuuliza kwa heshima, utazishusha au hutazishusha?"

"Nitaona."

Akaiacha hapo, akanywa chai yake. Kiwelu ni mtu wa kujibu hivyo. Ukimuuliza njia ya kwenda sokoni atakwambia utafika.

Mke wa Mzee Anaeli, ambaye wote walimwita Mama Ndeshi, alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alikuwa amechoka na harusi, amechoka na kamati, na zaidi amechoka na kile kioo.

"Baba Ndeshi," akasema, "nisikilize, maana sitarudia. Mwezi mzima nalala na kioo, naamka na kioo. Umeambiwa ubadilishe, hutaki. Umeambiwa ufunike turubai, hutaki. Mwanangu atakaa juu ya kiti amevaa gauni refu. Kama mpaka Ijumaa hujaumaliza huo ugonjwa, kamati itakodi gari lenye paa na dereva mwenye macho. Wewe utapanda kiti cha mbele, kimya."

Wajumbe wakatazama vikombe vyao. Mzee Anaeli alijua mkewe hatishii.

"Miaka ishirini na sita nimeisubiri siku hiyo," akasema.

"Basi usiiharibu kwa kioo," akajibu Mama Ndeshi, akamimina chai.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kwa Fundi Mkwizu. Unadhani alikwenda kuchukua kile kioo chenye kijiti? Hata kidogo. Alikuwa amewaza wazo jipya, na wazo jipya la mtu mwenye hasira ni la kuogopwa.

"Nibandikie tinti," akasema. "Ile karatasi nyeusi ya vioo vya magari ya wakubwa. Kwenye kioo changu."

Fundi akafikiri. Kwa kweli halikuwa wazo baya. Akakata kipande kidogo, akakibandika juu ya kioo, akakipangusa kikalala vizuri. Akamwita jirani yake mwenye gari, akaliegesha nyuma ndani ya banda lenye kiza, akamwambia awashe fulu. Mzee Anaeli akakaa kwenye usukani, akatazama. Taa zilikuwepo, lakini zimepoa, rangi ya chai ya rangi. Aliweza kumwona hata jirani mwenyewe akipiga miayo.

"Unaona, mzee? Imekaa."

"Bado naziona."

"Lazima uzione. Kioo ni cha kuonea."

"Lori la Kiwelu ni kubwa kuliko hili. Ongeza ya pili."

Fundi akaongeza ya pili. Sasa taa zilikuwa vidoti viwili hafifu, na jirani hakuonekana tena.

"Ongeza ya tatu."

"Mzee, nisamehe. Ya kwanza ni tinti. Ya pili ni pazia. Ya tatu ni ukuta."

"Nani mwenye gari?"

Fundi Mkwizu akabandika ya tatu. Kioo kikawa cheusi tii. Fulu zikawashwa, zikazimwa, zikawashwa tena, na Mzee Anaeli hakuona kitu. Akacheka peke yake ndani ya gari, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Alikuwa amewakomesha wote, na Kiwelu wa kwanza wao.

Alipofika nyumbani akamwambia mkewe ugonjwa umepona. Mama Ndeshi akatoka nje, akawasha tochi ya simu nyuma ya gari, akamuuliza kama inamuumiza. Hapana, haimuumizi. Mama Ndeshi akaridhika. Hakuuliza kama anaiona, na yeye hakusema. Hivyo ndivyo nyumba nyingi zinavyokwenda.

Jumamosi ikafika. Ibada iliisha saa kumi, na picha, kama kawaida, ziliisha saa kumi na mbili na robo. Ndeshi akatoka na shela refu, mumewe Simbo akiwa amelishika upande mmoja. Wakapanda, wakakaa juu ya mgongo wa kiti. Mzee Anaeli alikuwa amevaa suti ya kijivu na glavu nyeupe za kazi yake ya zamani. Mama Ndeshi alikuwa ametangulia ukumbini kupokea wageni. Matarumbeta yakalia, msafara ukaondoka.

Nyuma, lori la Kiwelu likawasha fulu. Mzee Anaeli akatazama kioo chake. Giza tupu, safi. Akanyoosha mgongo.

Sasa lazima ujue jambo moja kuhusu madereva wa zamani. Dereva wa mkubwa hageuzi shingo. Alivyofundishwa ujanani ni kwamba anayekaa nyuma hatazamwi. Dereva hutazama mbele, na akitaka kujua bosi amepanda au ameshuka, husikiliza mlango. Kioo kilikuwa ruhusa yake pekee ya kutazama nyuma, na ruhusa hiyo alikuwa ameibandika tinti tatu.

Wakazunguka kipilefti mara ya kwanza, mara ya pili. Watu wamejaa pembezoni, vigelegele, vumbi, pikipiki zinapita katikati. Raundi ya tatu matarumbeta yakasimama palepale, na magari yote yakasimama. Mzee Anaeli akatia breki polepole, kistaarabu, akatulia na glavu zake juu ya usukani.

Huko nyuma, mpiga video alipata wazo. Akawaomba maharusi washuke wacheze kidogo barabarani, ipatikane picha nzuri. Vijana rafiki zake Simbo hawakuhangaika na milango, maana katika gari la milango miwili aliyekaa nyuma hatoki mpaka kiti cha mbele kiinamishwe. Wakamnyanyua Ndeshi juu ya ubavu wa gari, gauni na shela, wakamweka chini. Simbo akaruka mwenyewe. Gari likatikisika, lakini lilikuwa likitikisika njia nzima kwa jinsi walivyokuwa wakicheza. Hakuna mlango uliofunguka. Duara la watu likawameza.

Hapo trafiki akapuliza filimbi. Pikapu ya matarumbeta ilikuwa imeziba barabara na magari ya upande wa pili yalikuwa yanapiga honi. Akaiamuru iondoke, na dereva wake akaondoka, wapiga matarumbeta wakiendelea kupuliza. Mzee Anaeli alikuwa na agizo moja la kamati: fuata matarumbeta. Akatia gia, akafuata.

Nyuma yake Kiwelu aliona kila kitu. Akapiga honi, akawasha fulu, akazima, akawasha. Hakuweza kulisogeza lori, watu walikuwa wamejaa mbele yake. Mzee Anaeli alizisikia zile honi na kuona ni shangwe. Na kwenye kioo hakuona kitu.

Wakaingia barabara ya ukumbini. Kipande kile hakina taa za njiani, na usiku ulikuwa umeanza kuingia. Mzee Anaeli alishangaa jinsi safari ilivyotulia. Hakuna mng'ao hata kwenye dashibodi, hakuna kivuli kinachocheza kwenye kioo cha mbele. Tinti ya tatu, akajisemea, ndiyo iliyomaliza kazi. Fundi akasema ukuta. Fundi anajua nini.

Na kwa kuwa moyo wake ulikuwa umepoa, na matarumbeta yalikuwa yametangulia mbali kidogo, akaona ndiyo saa ya kusema lile alilokuwa amelibeba. Akasema huku ameangalia mbele, kama alivyozoea.

"Ndeshi, mwanangu. Wewe unajua baba yako si mtu wa maneno. Mwaka ule uliopiga simu kutoka chuoni, kwamba umefeli mtihani, nilikugombeza mpaka mama yako akanipokonya simu. Hukujua kwamba baadaye nilikwenda bandani, nikakaa ndani ya gari hili, nikalia. Sikulilia mtihani. Nililia kwa sababu ulipiga simu kuniambia mimi, na mimi nikakujibu vile. Nisamehe."

Akabadilisha gia.

"Simbo, mtunze mwanangu. Na wewe Ndeshi, ndoa ina siku zake mbaya, uzivumilie. Lakini siku akikunyanyulia mkono, usivumilie. Mlango wangu hauna komeo kwa ajili yako. Basi, ni hayo tu."

Nyuma palikuwa kimya. Akajua mtoto analia, na mkwe naye ameguswa, akawaacha walie. Yeye mwenyewe alijifuta kwa glavu.

Ukumbini, wageni mia tatu walikuwa wamesimama pande mbili za zulia jekundu. Mshereheshaji alipoliona gari alishika kipaza sauti. "Wazazi, ndugu na marafiki, wanaowasili ni maharusi wetu." Muziki ukapandishwa, vigelegele vikaanza.

Mzee Anaeli akashuka. Akazunguka gari kwa hatua za kazi, akafungua mlango, akainamisha kiti cha mbele, akainama kidogo, macho chini kama ilivyo adabu, akanyoosha mkono wenye glavu nyeupe ampokee binti yake.

Mkono ukabaki hewani. Vigelegele vikapungua, vikabaki vya bibi mmoja mzee asiyeona vizuri, kisha naye akanyamaza. Mtu wa muziki akauzima.

Mama Ndeshi akatoka katikati ya wageni. "Baba Ndeshi," akasema taratibu, na utaratibu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, "mwanangu yuko wapi?"

"Huyu hapa," akasema Mzee Anaeli, akainua macho.

Kiti cha nyuma kilikuwa na maua mawili ya riboni, basi. Akatazama chini ya kiti. Akatazama nyuma ya turubai lililokunjwa. Ukimwona mzee mwenye suti anamtafuta bibi harusi chini ya kiti, huwezi kucheka, ingawa wengine walicheka. Yeye alikuwa akiwaza barabara ile yenye giza, na mtoto aliyekaa juu ya mgongo wa kiti katika gari lisilo na paa.

"Ameanguka," akasema. "Jamani, ameanguka njiani."

Akakimbilia usukani arudi. Kabla hajawasha, mwanga mkubwa ukaukata uwanja, ukamwangukia yeye na gari lake na wageni wote. Lori la Kiwelu. Lilisimama, mlango ukafunguliwa, na kutoka katikati ya mjomba na mumewe akashuka Ndeshi, shela kalikunja mkononi, viatu amevishika mkono wa pili, miguu imejaa vumbi.

Kiwelu alishuka anafoka. "Shemeji, nimekuwashia taa mpaka swichi imekaribia kukatika! Wewe ni mtu wa namna gani? Umeniuliza taa zangu zina kazi gani. Mtoto amekaa juu ya kiti, gari halina paa, mimi niko nyuma. Nikiweka dimu, nitamwonaje akiteleza? Nilikuwa namlinda!"

"Ungesema," akajibu Mzee Anaeli. "Siku ile sebuleni, si ungesema tu?"

Hilo nalo lilikuwa kweli, na kila mjumbe wa kamati aliyekuwepo alijua.

Ndeshi hakuwa anafoka, na hilo ndilo lililomuumiza baba yake zaidi.

"Baba," akasema, "nimekukimbilia nyuma ya gari na gauni mkononi. Simbo akaniambia tusimame, tupande lori. Nikamwambia hapana, baba ataniona kwenye kioo. Tangu nikiwa chekechea, nikifungua pipi huko nyuma kwa siri, ulikuwa unaniona. Nikasema ataniona tu."

Mzee Anaeli akasimama mbele yake na glavu zake nyeupe, mzee wa watu.

"Nilikuwa nimekibandika," akasema. "Sikuona kitu, mwanangu. Nilizungumza na wewe njia nzima, na wewe hukuwepo."

"Ulisema nini?"

Akatikisa kichwa. Maneno mengine mtu huyapata mara moja, na yeye alikuwa ameyamwaga kwenye viti vitupu.

Mshereheshaji alikuja akinong'ona kwamba chakula kinapoa na ratiba imeharibika. Ndeshi akavaa viatu vyake. "Chakula kisubiri," akasema. "Baba alisema atanileta yeye. Turudi kwenye kipilefti, anilete."

Mama Ndeshi akaingia mwenyewe kiti cha mbele cha gari, akatia ukucha kwenye kona ya ile karatasi nyeusi, akaanza kubandua. Ya tatu ikatoka, ya pili ikatoka. Alipofika ya kwanza akasita. "Hii moja haitoshi?"

"Hii inatosha," akasema Mzee Anaeli, kwa sauti ya mtu ambaye hana tena ugomvi.

"Basi ibaki."

Wakarudi kipilefti, wakageuza, wakaanza safari upya. Hakukuwa na matarumbeta wala msafara, ni gari la wazi tu mbele na lori nyuma. Katika kile kipande cha giza, Kiwelu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akashusha taa bila kuombwa mara mbili. Kioo kikawa na vidoti viwili vya upole. Mzee Anaeli akatazama. Macho hayakumuuma hata kidogo, na binti yake alikuwa kivuli tu kati ya vivuli.

Akatoa mkono nje ya gari, akaupandisha juu mara mbili. Kiwelu hakuelewa. Akaupandisha tena, safari hii kwa hasira, kama anavyojua yeye. Kiwelu akawasha fulu.

Mwanga ukajaa ndani ya gari lote, ukapita tinti ile moja, ukamchoma macho mpaka yakatoa machozi. Na katikati ya mwanga ule alikuwa ameketi Ndeshi, shela lake jeupe limejaa taa, ameona baba yake anamtazama, anampungia mkono. Mzee Anaeli aliendesha polepole sana, na wageni mia tatu wakala chakula cha baridi.

Funzo: Kinachokuumiza macho huenda ndicho kinachokuonyesha uliyembeba, punguza ukali wake, usikizime chote, na kabla hujambandikia mtu giza, muulize kwanza kwa nini amewasha taa.